Gari la Kusukumwa

Gari langu lilikuwa haliwaki bila watu. Ukitia ufunguo na kuuzungusha lilitoa mlio mmoja mkavu, tak, kama mtu aliyebangua korosho moja tu akaacha, kisha kimya. Stata ilikufa zamani, kaka yangu akiwa bado yuko Bungu. Kaka alipohama akaliacha uani na ugonjwa wake, na mimi akaniacha pembeni yake.

Kaka yangu ni tabibu. Alikuwa kwenye zahanati huku wakati mimi nimemaliza kidato cha nne, na matokeo ambayo mama alisema tusiyazungumze mbele ya wageni. Akaniita kutoka Tabora nije nikae naye nijifunze ufundi wowote utakaonipenda. Ukanipenda ufundi simu. Miaka ile nyumba ilijaa: kaka, shemeji, watoto watatu wasiojua kunong'ona, na mimi niliyekuwa nalala sebuleni nikiamshwa na mguu wa mtoto usoni. Halafu ukaja uhamisho, kaka akarudishwa bara. Siku ya kupakia lori aligonga boneti ya gari kwa kiganja, kama mtu anayeagana na ng'ombe.

"Hili halifiki hata Morogoro," akasema. "Litumie, mdogo wangu. Likikushinda, uza."

Niliwapungia mpaka lori likapotelea kwenye lami. Kesho yake nikafagia gari, nikakuta ndala moja ya mtoto wa mwisho chini ya kiti cha nyuma. Nilimpigia shemeji kumwambia, akasema tupa tu, imeshambana. Sikutupa.

Watu huniuliza kwa nini nisihamie Kibiti mjini, iliko meza yangu ya kazi. Mimi hujibu kwamba Bungu chumba ni nafuu, na ni kweli, mwenye nyumba alinibakizia kimoja na vingine akafunga. Lakini kwenye ukuta wa kile kimoja kuna mistari ya mkaa ambayo shemeji aliwapimia watoto urefu wao, na siku moja kwa mzaha akanipima na mimi. Mstari wangu uko juu kabisa. Mtu ataachaje ukuta ambao na yeye yumo?

Basi nikawa naenda Kibiti asubuhi na kurudi jioni kwa gari. Kijana fundi simu, mwenye gari. Nilipenda jinsi linavyosikika hilo. Nikiwa barabarani nilijiona nina duka la vioo na vijana wawili wa kazi, na gari hili nimelipaka rangi ya bluu ya bahari. Ndoto hazili petroli, ndiyo maana mimi ninazo nyingi.

Sasa habari ya kusukuma.

Nyumba yetu iko nyuma, mbali kidogo na lami. Kutoka getini kuna njia ya mchanga yenye mifereji miwili iliyochimbwa na matairi, inateremka taratibu, inapita msikitini, inapita kisima cha msikiti, halafu inapanda kidogo kukutana na barabara kubwa. Siku za mwanzo baada ya kaka kuondoka nilikuwa nasukuma peke yangu, bega kwenye mlango, mkono mmoja kwenye usukani, nikipanga kwamba likianza kukimbia nitarukia ndani kama mwigizaji. Asubuhi moja lilikimbia kweli, mimi nikabaki nimelala mchangani. Likaenda likasimama lenyewe kwenye mchanga mwingi mbele ya msikiti. Wanaume walikuwa ndio wanatoka kuswali alfajiri. Walisimama wakalitazama gari, wakanitazama na mimi.

"Wewe si mdogo wake daktari?" aliuliza mmoja, mtu mzima kidogo, mwenye kofia iliyoegemea sikio. "Mnyamwezi?"

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Shikamoo ya nini, hujui kwamba mimi mtani wako? Babu zako wamebeba pembe za ndovu kutoka huko kwenu mpaka pwani, kwa mabega, wanaimba. Wewe bati lina matairi manne, linakushinda."

"Babu zangu walikuwa wanalishwa, mtani. Nyie watu wa pwani mnanipa mihogo."

Walicheka. Na mimi nilikuwa sijacheka na watu tangu lori lile liondoke. Mtani akakunja kanzu, akaifunga kiunoni, akawaambia wenzake, "Sogeeni, tumsaidie mpagazi, leo zamu imegeuka."

Wakasukuma. Nikatia gia ya pili, nikashika klachi, na tulipofika usawa wa kisima mtani akapiga kelele, "Achia!" Nikaachia. Gari likakohoa, likatikisika kama mbwa aliyetoka majini, likashika.

Kesho yake sikuwaita. Walitoka msikitini wakapandisha wenyewe mpaka getini kwangu. Na kesho yake tena. Ikawa desturi. Mtani ndiye alikuwa akiondoa jiwe nililoweka chini ya tairi, maana breki ya mkono nayo ilikuwa jina tu. Kulikuwa na mzee mmoja mkimya, ndiye anayeadhini, yeye mahali pake ni nyuma upande wa kushoto, na hapaachi. Wengine walibadilikabadilika. Walisukuma huku wanazungumza habari zao, bei ya korosho, nguruwe wameingia shamba la fulani, na mimi ndani nikisikia mazungumzo yanakuja kwa nyuma kama nimo. Jumapili nilivaa shati jeupe kwenda kanisani Kibiti, na siku hiyo mtani hakukosa la kusema.

"Mola atatuandikia nini leo? Tumetoka kuswali, tunamsukuma mtu kanisani."

"Ataandika kwamba mlinisukuma nusu njia mkaogopa kanisa," nilisema.

"Sukumeni basi, asichelewe. Padri asije akasema ni sisi."

Likishashika walibaki nyuma, mimi naenda. Kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na vumbi na umande wa usiku, na viganja vyao vilibaki pale vimechoreka. Vikubwa, na kimoja kina kidole kilichokatika ncha, hicho cha mzee wa adhana. Nilikuwa naosha gari lote Jumamosi, kioo hicho sikigusi.

Fundi magari mmoja wa Kibiti aliniambia, "Kijana, unateseka bure. Nina stata ya mtumba, nakufungia kwa bei ya kindugu." Nikasema nitarudi. Nilikuwa napita mbele ya gereji yake kila siku na sirudi. Stata ingeliwasha gari, sawa. Ingeliwasha, ingenitoa getini, ingenifikisha kwenye lami, bila mtu kuninyooshea mkono wala mdomo. Kisha kutwa nzima ni simu za watu.

Kazi yangu watu hudhani ina maneno mengi, ati simu. Haina. Mteja anaacha simu, anaondoka, unabaki na kichwa chini na bisibisi ndogo. Nyingi huja kutoka delta, zimezama. Watu wa huko wanaishi na maji, wanauza kaa, wanauza kamba, wanashuka na kupanda mitumbwi na simu ikiwa kwenye mfuko wa shati. Zikifika kwangu zina chumvi na tope jeusi la mikoko. Nazifungua, nasafisha kwa mswaki na spiriti, naanika. Ikipona, jambo la kwanza inalofanya ni kumwaga ujumbe wote uliokuwa umekwama. Umefika? Baba umefika? Mbona kimya? Nakaa pale na simu ya mtu mwingine inatetema mkononi, inauliza kama nimefika.

Lakini gari lilikuwa linanila. Huo ndio ukweli, na hauhitaji hesabu. Ninachokichokonoa mezani kinaingia kwenye tangi, kinachobaki kinaingia kwenye matairi, kisichobaki kinaingia kwenye gereji. Viatu vyangu vya kazi vilikuwa vimeungwa kwa gundi ya simu. Mama akaugua kidogo huko Tabora nikashindwa kutuma kitu cha maana, na kaka aliposikia alinipigia.

"Hilo gari bado unalo?"

"Ninalo."

"Kwani hapo Bungu hakuna mabasi? Kosta zinapita, boda zipo, baiskeli ipo. Wewe ni nani, mkuu wa wilaya?"

"Nimelizoea, kaka."

"Umelizoea au unaogopa watu watasema umefulia?"

Ningemwambiaje daktari mzima kwamba naogopa asubuhi? Kwamba nikiacha gari, hakuna sababu hata moja chini ya jua ya wanaume wale kupandisha mpaka getini kwangu? Si ndugu zangu, si wa dini yangu, kabila mbali. Tulichonacho pamoja ni stata mbovu.

Nikaanza kujaribu njia nyingine, kimyakimya, siku nilizojua wao hawatanitegemea. Kuna Ijumaa moja nilisema naumwa, nikaazima baiskeli. Bungu mpaka Kibiti kwa baiskeli inawezekana, nashuhudia, ila malori ya kusini yakikupita upepo wake unakuvuta kama unaitwa, na nilipofika sikuweza kushika bisibisi mpaka jua kali. Nikajaribu boda. Bodaboda ni mwepesi na ana maneno, nilimpenda, lakini kwa mwendo ule wa kila siku naye angekuwa gari jingine. Iliyobaki ni kosta, ile ya kwanza inayotoka juu ya Bungu kukiwa bado giza. Nauli yake mtu unaitoa bila kuguna. Shida yake moja tu: inapita wakati watu wako kwenye swala.

Nilijiambia, jaribu wiki. Gari liache getini palepale. Wiki ikiisha utajua.

Kuhusu kuwaambia wale wanaume, nililifikiria usiku nikiwa nimetazama dari. Niseme nini? Jamani kuanzia kesho msije? Ni kama kumkataza mtu salamu. Nikaona bora ninyamaze, labda wataelewa wenyewe. Alfajiri nikafunga kufuli, nikapita msikitini polepole, kandambili mkononi nisipige kelele. Ndani sauti ya imamu ilikuwa inasoma sura ndefu. Viatu vyao vilikuwa mlangoni, nikavitambua, vya mtani kimoja kimelala kifudifudi. Nilikigeuza. Sijui kwa nini nilikigeuza. Nikaenda zangu.

Kwenye kosta nilipata siti ya dirishani. Hakuna aliyenisumbua. Jirani yangu alikuwa mama aliyelala na mdomo wazi kwa amani kabisa, na nilimwonea wivu. Kibiti nilifika mapema kuliko siku zote, nikafungua meza, nikapangusa kioo, nikakaa. Mwili ulikuwa umefika bila mimi. Mpaka watu wa chai walipoanza kupita nikatambua kwamba sijatoa sauti tangu niamke, nikajaribu kusema "karibu" ikatoka kama ya mtu mwenye mafua.

Siku hiyo alikuja mteja wangu mmoja wa delta, mnunuzi wa kamba, wale wa maji chumvi. Simu yake nilikuwa nimeifufua. Alifurahi, akalipa, akaongeza mfuko wa kamba wabichi uliofungwa kwa majani. "Kapike na familia," akasema. Nikamshukuru. Nilirudi na ule mfuko mapajani kwenye kosta ya jioni, nikiwaza nitakaanga wangapi mimi mmoja.

Nilipofika getini, gari halikuwepo.

Jiwe lilikuwepo, limewekwa pembeni kwa adabu. Gari hakuna. Nilisimama pale na kamba wangu. Cha kushangaza, jambo la kwanza nililowaza ni ile ndala ya mtoto. Nikainama kutazama chini. Mchangani kulikuwa na alama za matairi zinateremka kwenye mifereji yake, na nyuma yake miguu, miguu mingi ya watu, vidole vimezama kama wanavyozama watu wanaosukuma.

Nikafuata. Alama zilipita msikitini, zikapita kisima, zikafika kwenye kichanga kizito kabla ya mwinuko, pale zikavurugika kana kwamba palikuwa na ngoma. Kisha zikakata kulia, zikaingia uani kwa mtani.

Gari langu lilikuwa katikati ya uwanja wake. Juu ya paa na boneti ilianikwa mihogo iliyomenywa. Kuku na vifaranga walikuwa chini yake kwenye kivuli. Mtani alikuwa amekaa kiti cha dereva, mlango wazi, miguu nje, anamenya chungwa. Yeye huuza machungwa barabarani, na siku zote ana chungwa mkononi.

"Hodi," nikasema.

"Nani? Kama ni Mnyamwezi, leo hatununui asali."

"Mtani, gari langu."

"Gari lipi? Hili ni kabati la mihogo."

"Nani kalileta huku?"

Mke wake alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga. Huyu kwa utani ananiita mume wake mdogo, na mbele ya mwenyewe. "Mume wangu mdogo," akasema, "kaa hapo nikueleze, maana huyu mkubwa ataongeza chumvi."

Akanieleza. Walitoka kuswali kama kawaida, wakapandisha. Bado giza, vioo vimejaa umande, gari limetazama njia kama siku zote. Kila mtu akajua nimo ndani. Mtani akatoa jiwe, wakapeana "bismillahi", wakasukuma. Mifereji ikaliongoza lenyewe. Usawa wa kisima mtani akapiga kelele achia. Halikushika. "Achia klachi, we mpagazi!" Kimya. Wakarudia, wakasukuma kwa hasira sasa, mpaka kichangani likakwama, na mtani akaenda dirishani kunitukana. Akakuta kiti.

"Kiti kitupu," mtani akadakia kutoka ndani ya gari. "Nimemtukana mtu wa maana, kumbe natukana sponji."

"Wakarudi kwako mbio," mkewe akaendelea. "Yule mzee wa adhana alisema huenda umezidiwa, si ulisema juzi Ijumaa unaumwa? Wakagonga. Wakaona kufuli. Ndipo wakajua."

"Tukajua nini?" mtani alisema. Aliweka chungwa juu ya dashibodi. "Tukajua kwamba tuna jirani anayetoka mtaani kama mwizi wa kuku. Mtu akisafiri anaaga. Hata mbuzi akiondoka analia."

Nikasema, "Niliona haya."

Alinitazama. Sidhani aliwahi kunitazama bila mzaha kabla ya hapo, na hakudumu. "Basi utani una sheria zake," akasema. "Mzigo uliotelekezwa na mtani ni mali ya watani mpaka ukombolewe. Faini jogoo."

"Jogoo sina. Nina hawa." Nikamnyooshea ule mfuko wa majani.

Mkewe akaufungua, akachungulia. "Faini imepokelewa," akasema, akaingia nao jikoni kabla mumewe hajajibu.

Nilikula pale, baada ya magharibi. Wali, na kamba kwenye nazi, juu ya mkeka pembeni ya gari langu lenye mihogo. Mzee wa adhana aliitwa, na wengine wawili wa kusukuma. Ni mara ya kwanza nilikaa nao tukiwa tumetazamana, maana siku zote mimi niliwaona kwa kioo. Mzee alikuwa na macho mepesi ya rangi ya chai. Nilikuwa sijui.

Na kwa kuwa nilikuwa nimeshiba na moyo umelainika, nikawaambia. Kwamba gari linanishinda, mama anaumwa, kaka kasema niuze. Kwamba nimejaribu baiskeli na nimejaribu boda na leo nimejaribu kosta, na kosta ndiyo ninayoiweza.

Nikangoja. Nitasema nilichokuwa nangoja: nilingoja mmoja wao aseme usiuze.

"Uza," alisema mtani. "Mgongo wangu tangu masika umekuwa si wangu."

Wenzake wakacheka wakakubali. Mmoja akasema yeye alikuwa anamjua mtu upande wa Ngarambe anayetafuta gari la kubebea kuku. Wakazungumza bei, wakazungumza matairi, wakageukia habari ya nguruwe. Mzee wa adhana ndiye peke yake aliyeuliza kitu.

"Hiyo kosta inapita saa ngapi?"

Nikamwambia inapita wakati wao wako kwenye swala.

"Aa," akasema. "Na nyingine?"

"Ya pili inakuja kukishapambazuka. Kwa ile naweza kuwachelewea wateja wa asubuhi."

Akatikisa kichwa, akanawa mikono.

Nilirudi chumbani kwangu. Nililala chini ya ule mstari wangu wa mkaa nikijiambia, unaona sasa, ulikuwa mzigo wa watu. Mwaka mzima umewachosha wazee wa watu migongo yao na wewe unadhani ni mapenzi. Nilijiambia kwa sauti, na chumba kitupu kina tabia ya kukubaliana na wewe.

Mtu wa Ngarambe alikuja siku ambayo si ya kazi. Alikuja na fundi wake, na fundi kaja na stata. Waliifunga palepale uani kwa mtani, mmoja amelala chini ya gari na mwingine anampa spana, haikuchukua muda hata wa maji ya chai kuchemka. Kisha yule bwana akakaa akazungusha ufunguo. Gari likawaka. Mara moja tu, bila kukohoa, likanguruma vizuri kama gari la mtu.

Mtani alikuwa amesimama na chungwa lake. "Kumbe linaweza," akasema, polepole. Alinitupia jicho, akarudi kwenye gari, na nadhani pale alijua kuhusu gereji ya Kibiti yote ya kujua. Hakuuliza kitu, na kwa mtu yule kutouliza ni kazi nzito.

Mnunuzi alitaka kuondoka na gari safi. Akaomba ndoo, akaosha mwenyewe. Nilimtazama akifika nyuma. Alimwaga maji, akapitisha kitambaa mara moja, kioo kikang'aa kikaonyesha miti. Ndala niliichukua mimi kabla. Akatoka getini kwa mtani, akapita mifereji, akakutana na lami, hakuna aliyemgusa.

Fedha nilituma Tabora, nyingine nikanunua viatu. Mama alipona. Kaka akasema, unaona.

Asubuhi ya kwanza baada ya gari kuondoka niliamka saa ileile. Kosta ya kwanza nilikuwa naweza kuiwahi. Nilivaa viatu vipya, nikafunga kufuli, nikateremka mpaka karibu na msikiti, na pale nikakaa juu ya tofali. Nilisikia kosta inapiga honi kule juu, ikachukua watu wake, ikaondoka. Wateja wa asubuhi nao watanisamehe. Nikakaa. Sura ilikuwa ndefu siku hiyo.

Walitoka wakavaa viatu vyao. Wakaniona. Na ikawa kitu cha aibu kidogo, kama watu waliozoea kukutana ngomani wakakutana hospitali. Mikono yao haikuwa na pa kwenda. Mmoja aliiweka nyuma. Mtani akaanza kukunja kanzu kwa mazoea, akaifunga kiunoni kabisa, ndipo akakumbuka, akabaki hivyo miguu nje.

"Sasa leo tusukume nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, mtani. Nimekuja kuaga."

"Kuaga peke yake?"

Nikasimama kwenda zangu. Nilikuwa nimepiga hatua chache tu nilipohisi kiganja katikati ya mgongo wangu, kipana, kizito. Kikanisukuma. Kikaja cha pili begani upande wa kushoto, na hicho nilikijua bila kugeuka, kwa kile kidole.

"Gia ya pili," mtani akasema sikioni kwangu. "Usije ukatuaibisha."

Walinisukuma kwenye mfereji wa tairi mimi natembea, kisha nakimbia kimbia, viatu vipya vinazama mchangani, nacheka mpaka machozi yanatoka, na sikuwa na haja ya kuyaeleza machozi maana kulikuwa bado kijigiza. Usawa wa kisima akapiga kelele, "Achia!"

Nikaunguruma kwa mdomo, kama watoto wa kaka walivyokuwa wakifanya. Mikono ikaniachia. Nilienda na mwendo ule mpaka kwenye lami, na nilipogeuka walikuwa wameshatawanyika, kila mtu na njia yake ya shamba. Barabarani nilingoja kosta ya pili peke yangu, muda mrefu.

Sasa ni masika. Wengi wamehamia mabondeni upande wa Ruaruke, wanalala kwenye madungu, vile vibanda vya juu vya kulindia mpunga, na mtani yuko huko na mkewe na kuku wao wote. Uani kwake pameota majani pale gari lilipokaa. Alfajiri msikitini hutoka watu wawili watatu, na siku za mvua hutoka mzee wa adhana tu, amejifunika gunia kichwani. Yeye hazungumzi. Hunyanyua mkono ule wenye kidole kifupi, na mimi nanyanyua wangu, tunapishana. Mgongo wangu siku hizo hukaa baridi mpaka Kibiti.

Lakini bado naiacha kosta ya kwanza ipite. Na nikifika usawa wa kisima, pale lilipokuwa likishika, miguu yangu huongeza mwendo yenyewe.